Mwembe wa Uani Usipite Paa

Ukipita Fuoni, Mwanakwerekwe au Kiembesamaki, hapa kwetu Unguja, mwezi wa Januari, utaikuta miembe imesimama nyuma ya majumba imezaa mpaka matawi yanainama, na chini yake maembe yametapakaa, mengine yamepasukia juu ya mabati, mengine yameangukia kwa jirani, nusu yamedonolewa na kunguru na nusu yameingia mafunza, ilhali mwenye nyumba anamtuma mtoto gengeni akanunue embe la kula baada ya chakula cha mchana. Mti ni wake na kivuli ni chake, lakini tunda liko juu mita kumi na zaidi, kijana wa kuupanda hapatikani kila siku, na akipatikana anataka nusu ya maembe kuwa ujira wake.

Sababu ya hali hii si mbegu mbaya wala ardhi iliyochoka. Sababu ni kwamba tunaupanda mwembe uani kwa desturi ya shamba, yaani tunauchimbia shimo, tunaumwagilia maji miezi michache, kisha tunauacha ujilee. Shambani hilo halina ubaya mkubwa, kwani nafasi ipo, na mwembe ulioachiwa nafasi unaweza kupita mita 30 kwa urefu na kuishi zaidi ya miaka mia moja. Anayetaka kulithibitisha hilo kwa macho yake na apite barabara ya Bungi kwenye miembe ya Bi Khole, inayosimuliwa kuwa ilipandwa katika karne ya 19 kwa amri ya Bi Khole binti Said, mmoja wa mabinti wa Sayyid Said bin Sultan. Ile ni miti ya kutia kivuli njia nzima, na hakuna ua wa mjini unaoweza kuubeba hata mmoja wake. Rai yangu, basi, ni kwamba mwembe wa nyumbani udhibitiwe kimo tangu ungali mche, usipite mita tatu au nne maisha yake yote, na kwamba mtu akilishika jambo hili moja, mengine yote yanayohusu mti huu, yakiwemo maradhi, inzi, kuchuma na hata ujirani mwema, humwia mepesi.

Najua kwamba rai hii haipokewi kwa urahisi. Jirani yangu mmoja, ambaye umri wake ni wa baba yangu, aliponiona nimeushikia msumeno mwembe wangu wa boribo ulioko nyuma ya jiko, alisimama ukutani akaniambia kwa masikitiko, "Mwanangu, mti mzima huu unaukata kichwa, sasa utazaa kwa wapi?" Nilimjibu, "Mzee wangu, nataka uzae pale unapofika mkono wangu." Hakuridhika siku ile, na sikumlaumu, kwa sababu sisi tumezoea kuuhesabu ukubwa wa mwembe kuwa ndiyo baraka yake.

Kabla ya msumeno lakini kuna mche. Wengi wetu tumekua tukiuona mwembe unaota popote palipotupwa kokwa, na mwenye subira anaweza kuanza hivyo. Ajue tu kwamba kokwa la embe haliwekeki, kwani likikauka mbegu ya ndani hufa. Kwa hiyo lioshwe, lipasuliwe ukingoni kwa uangalifu, mbegu itolewe na ipandwe ndani ya siku chache, mgongo wake uliobinuka ukielekezwa juu. Zipo aina ambazo kokwa moja hutoa vichipukizi viwili au vitatu, na katika hivyo baadhi hutokana na mama peke yake bila ya kuchanganyika na chavua ya mti mwengine, hivyo hurithi sifa za mama kamili. Aina zinazotoa chipukizi kimoja tu, kama Alphonso ya Bara Hindi, hazitegemewi kwa kokwa, kwa kuwa mtoto hutoka na mambo yake. Isitoshe, mwembe wa kokwa humweka mtu miaka 5 hadi 8, na pengine zaidi, kabla ya kumwonjesha tunda, ambapo mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kijiti cha mwembe mzuri juu ya shina la mche wa kokwa, huanza kuzaa ukiwa na miaka 3 hadi 5.

Kwa ua mdogo mimi nashauri mche uliobebeshwa. Hupatikana Kizimbani, ambako ndiko kwenye utafiti wa kilimo wa Zanzibar, na katika vitalu vya watu binafsi vilivyo kandokando ya barabara za mashamba. Mnunuzi asishughulishwe na urefu wa mche. Atazame kovu la pale kikonyo, yaani kile kijiti kilichobebeshwa, kilipounganishwa na shina la chini, ambalo aghalabu huwa kiasi cha shibiri moja kutoka udongoni, aone kwamba limeshikana pande zote na kwamba nailoni iliyofungiwa imeshaondolewa au haijaanza kulikaba shina. Kovu hilo halifukiwi siku ya kupanda, na kila kinachochipua chini yake hung'olewa bila ya huruma, kwa sababu ni mwembe mwengine kabisa, ule wa kokwa uliobeba, na ukiachiwa utakishinda nguvu kile kikonyo ulichokilipia.

Kuhusu aina, kwa ladha za watu wa hapa boribo la Muyuni halina mshindani. Ni kubwa, nyama yake ni nene, nyuzi zake ni chache, na jina lake ni kubwa kiasi kwamba muuzaji wa soko la Darajani akitaka kuipandisha bei humwapia mteja kuwa ni la Muyuni hata kama limetoka kwengine. Dodo nalo lina watu wake, na sindano, ingawa ni dogo na jembamba, hupendwa na watoto. Siku hizi vitalu huuza pia Keitt, Kent na Tommy Atkins, aina ambazo asili yake ni Florida nchini Marekani. Keitt huchelewa kuiva, na hilo linaweza kumfaa anayetaka kula embe wakati wenzake wameshamaliza. Tommy Atkins ina ngozi ngumu, ina rangi ya kuvutia na inastahimili safari, sifa ambazo ni za mfanyabiashara. Mimi sioni sababu ya kuupa ua wangu mti ambao tunda lake linasifika zaidi kwa kusafiri kuliko kwa kuliwa.

Mahali pa kupandia pawe na jua la kutwa, si chini ya waya za umeme, na mbali na karo la choo. Wakulima huacha mita 10 baina ya mwembe na mwembe, lakini mti utakaokatwa kila mwaka hutosheka na mita 4 au 5 kutoka ukuta wa nyumba. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, nalo lichimbwe wiki chache kabla ya Masika, udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na madebe mawili ya samadi iliyooza vyema, kisha urudishwe. Ardhi yetu lakini si moja. Aliye upande wa magharibi wa Unguja mwenye kinongo au mchanga wa kina atachimba kwa jembe na kumaliza kabla ya adhuhuri, na aliye kwenye uwanda au maweni ya mashariki na kusini atakutana na jiwe la matumbawe baada ya inchi chache, na hapo ni mtaimbo. Huyu wa pili nampa shauri alipanue shimo zaidi ya kulichimba chini, na aongeze samadi kila mwaka, kwa sababu ardhi ya mawe ya chokaa huunyima mti madini ya chuma, na dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Mwaka wa kwanza na wa pili kazi kubwa ni maji. Katika jua la Kaskazi, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki inamtosha mche mchanga, na nyumba inayokinga maji ya udhu kwenye beseni inaweza kuulea mwembe bila ya kuufungulia mfereji hata mara moja. Tahadhari ni kwa wale wa karibu na pwani ambao visima vyao vimeingia munyu, kwani mwembe hauvumilii chumvi, na ncha za majani zinazokauka na kuwa rangi ya kahawia kuanzia ukingoni kwenda ndani ndizo zinazotoa habari hiyo mapema. Makumbi ya nazi yakipangwa kulizunguka shina huhifadhi unyevu vizuri, mradi yasiligusie shina lenyewe na yawe yanapinduliwa mara kwa mara kutazama mchwa.

Sasa nije kwenye msumeno. Mche ukifika kiasi cha mita moja, na gome lake la chini limeshaacha ukijani, hukatwa kichwa kwenye kimo cha sentimita 60 hadi 80. Ili kujua pa kukata hasa, mtu autazame mwembe wake kwa karibu. Mti huu haukui mfululizo; hukua kwa vipindi. Hutoa fungu la majani mekundu yaliyolegea, yakainuka, yakageuka kijani, yakakomaa, mti ukapumzika, kisha ukatoa fungu jengine juu yake. Kila palipokoma kipindi kimoja na kuanza chengine hubaki pete kwenye kijiti, na ukiipitishia kidole utahisi kwamba macho ya majani, yale yanayochipua, yamesongamana hapo, ilhali baina ya pete na pete yako mbalimbali. Ukikata juu kidogo ya pete, macho hayo yote huamka kwa pamoja na kutoa vijiti vitano, sita au zaidi vinavyogombania mahali pamoja, na vikija kubeba maembe hupasuka kuanzia maunganioni. Ukikata chini kidogo ya pete, hutoka vijiti vichache, vilivyopishana, vilivyojitenga na shina kwa pembe pana, na hivyo ndivyo vinavyobeba bila ya kuvunjika.

Katika vijiti hivyo huachwa vitatu au vinne vinavyoelekea pande tofauti, na vilivyobaki huondolewa. Kila kimoja kikifika kiasi cha nusu mita na majani yake yamekomaa, nacho hukatwa ncha kwa kanuni ile ile, na vitakavyotoka juu yake hutendewa hivyo hivyo. Mtu akifanya hivi kwa miaka mitatu ya mwanzo atapata mti mfupi, mpana, wenye ncha nyingi, na ncha ndizo zinazozaa. Katika miaka hiyo mche uliobebeshwa unaweza kutoa maua ukiwa haujafika hata kiunoni, na maua hayo yaondolewe, kwani embe moja kwenye mche wa mwaka wa kwanza huugharimu mti matawi yake. Ninajua kuwa ni jambo zito kulitupa shada la maua la kwanza la mti uliousubiri, na kwangu mimi aliyelia zaidi alikuwa mama watoto, lakini mti wenyewe ulishukuru.

Kuanzia hapo kazi ni ya mara moja kwa mwaka: kuyarudisha matawi kwenye kimo chake, kuyaondoa yanayoelekea ndani, na kufungua katikati ya mti hadi jua la saa nne za asubuhi lipenye kufika shinani. Anayekata avae mikono mirefu na aoshe kwa sabuni baada ya kumaliza, kwa sababu mwembe ni jamaa ya mkorosho, na utomvu wake huwababua baadhi ya watu ngozi na midomo.

Jambo lenye uzito sawa na pa kukata ni wakati wa kukata, na hapa kalenda yetu ya mvua ndiyo mwalimu. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za vijiti vilivyokomaa, na kijiti kipya kinahitaji miezi kadhaa kukomaa. Msimu mkubwa wa maembe kwetu huanza Novemba na kumalizika Februari. Tunda la mwisho likishachumwa, msumeno uingie hapo hapo, na samadi iwekwe, kabla ya Masika kukolea. Mvua za Machi hadi Mei zitasukuma fungu jipya la majani; Kipupwe cha Juni hadi Agosti, kwa ubaridi wake na ukavu wake, kitalikomaza fungu hilo na kuusimamisha mti usiendelee kukua; na mti uliosimamishwa namna hiyo ndio unaogeuza macho yake ya majani kuwa ya maua. Anayengoja hadi Julai ndipo aukate, kwa sababu ndio wakati alioshika likizo au ndio wakati fundi alipopatikana, huwa amezikata ncha zilizokuwa tayari kuchanua, na mti utamjibu kwa majani.

Kwa sababu hiyo hiyo mwembe mkubwa haumwagiliwi katika Kipupwe. Watu hustaajabu wakiambiwa wauache mti wao na kiu miezi miwili, na wengi huuonea huruma wakaupelekea mpira wa maji kila jioni. Huo ndio mwembe unaobaki umependeza kwa ukijani mwaka mzima bila ya shada hata moja. Maji hurejeshwa pale viembe vinapokuwa na ukubwa wa gololi, na wakati huo ndipo yanaposaidia kupunguza kupukutika.

Kupukutika kwenyewe lakini ni desturi ya mti huu na hakupaswi kumtia mtu hofu. Shada moja la maua ya mwembe hubeba mamia ya maua, na mara nyengine maelfu, sehemu kubwa yakiwa ya kiume yasiyoweza kuzaa, na hata katika yale yanayoweza ni machache mno yanayofikia kuwa embe la kuliwa. Kinachostahili hofu ni maradhi mawili yanayoyavamia maua. La kwanza ni ubwiri unga, ambao hulifunika shada kwa unga mweupe katika siku za baridi, maua yakakauka na kuanguka. Unga wa salfa ukinyunyizwa mashada yanapoanza kurefuka huuzuia. La pili ni chule, nalo hupenda maji: zikinyesha mvua za mchoo au Vuli ikawahi, maua huwa meusi, majani hutoka madoa meusi, na hata embe lililonusurika linaweza kubeba ugonjwa kimya kimya na kuuonyesha siku ya kuiva kwa madoa meusi yanayozama ndani ya nyama. Dawa zenye shaba husaidia zikipigwa mapema. Kinachosaidia zaidi ya dawa ni upepo kupita ndani ya mti na kuyakausha majani upesi baada ya mvua, na hilo limeshafanywa na msumeno wa Februari. Aliye na mti mfupi anaweza kupiga dawa akiwa amesimama chini kwa bomba la mkono. Mwenye mti wa mita kumi na tano hata akinunua dawa hana pa kuifikishia.

Adui mkubwa wa maembe yetu leo ni inzi wa matunda. Yule msumbufu kuliko wote, anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya na Tanzania katika mwaka 2003, na tangu hapo hakuna mwenye mwembe asiyemjua kwa kazi yake hata kama hamjui kwa sura. Jike hulitoboa embe linapokaribia kukomaa na kutaga mayai chini ya ngozi. Ukiliangalia embe hilo kwa makini utaona kitundu cha kiasi cha ncha ya sindano, na mara nyingi tone la utomvu limekauka chini yake. Mafunza hula nyama, embe huiva kwa pupa na kuanguka, kisha mafunza hutoka na kujichimbia udongoni, na baada ya siku chache huibuka inzi wapya kuendelea pale wazee wao walipoachia. Kwa maneno mengine, maembe yaliyotapakaa chini ya mti ndiyo kiwanda cha inzi wa mtaa mzima.

Hivyo kanuni ya kwanza ni kuokota kila siku, asubuhi, maembe yote yaliyoanguka, na kutoyatupa jaani wala kuyafukia juu juu. Kwengine huelekezwa yafungwe kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuachwa juani; mifuko hiyo hapa Zanzibar imepigwa marufuku, na kwa kweli haihitajiki, kwani ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana ikiachwa juani siku kadhaa hufanya kazi ile ile. Anayefukia achimbe nusu mita na zaidi. Kuku wakiachiwa chini ya mwembe nao huchakura na kula wale waliojichimbia. Kanuni ya pili inawezekana kwa mti mfupi tu: embe likifika ukubwa wa yai hufunikwa kwa mfuko wa karatasi uliofungwa kwenye kikonyo, na inzi hapati pa kutobolea. Mtu atasema kuwa hiyo ni kazi ya asiye na kazi. Mimi najibu kwamba mti wa mita tatu wenye maembe themanini hufunikwa kwa mchana mmoja wa Jumapili na watoto wawili waliokosa la kufanya, na maembe themanini yasiyo na mafunza ni mengi kuliko mia tano yenye mafunza.

Kuna msaidizi mwengine ambaye wengi tunampiga vita, naye ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao kutengeneza viota. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way aliwachunguza hapa hapa Zanzibar, akaonyesha namna wanavyozilinda nazi changa na mdudu anayezifyonza zikaanguka. Utafiti wa miaka ya karibuni huko Afrika Magharibi umeonyesha kuwa kwenye miembe nako uwepo wao hupunguza sana inzi wa matunda. Hasara yao ni kwamba huwafuga vidung'ata na wadudu wengine wanaotoa utamu, na hapo majani hupakwa masizi meusi, tena hawamtambui mwenye mti siku ya kuchuma. Mimi huwaachia viota vyao vya upande wa ukutani, na siku ya kuchuma hujipaka majivu mikononi na kufanya kazi alfajiri kukiwa na ubaridi, wakati ambao hata wao hawana haraka.

Embe lililokomaa hujulikana kwa mabega: pale karibu na kikonyo hujaa na kuinuka mpaka kikonyo kikaonekana kimezama kidogo. Mwenye mti mrefu huchuma kwa upembo, embe likafika chini limeshapasuka au limevilia ndani. Mwenye mti mfupi hukata kwa mkasi, akaacha kikonyo cha inchi moja, akalilaza embe kikonyo kikiwa kimeangalia chini ili utomvu utoke bila ya kuichafua ngozi, kisha akalipanga kwenye pakacha. Ninaona ni bora kuyachuma yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, kabla ya inzi kuyapata, na kuyavundika ndani kwenye gunia au sanduku la mbao. Wapo wanaoshikilia kuwa embe ni lile lililoivia mtini. Kwa utamu pengine wana haki, ila kwa hesabu ya yale yanayonusurika hawana.

Mti ukizidi kuzaa, nusu ya viembe katika kila shada ipunguzwe vikiwa vichanga, ili vilivyobaki vikue na mti usije ukachoka na kugoma mwaka unaofuata, kama ilivyo tabia ya miembe mingi. Kinachopunguzwa hakipotei. Hicho ndicho kinachotia ukali kwenye urojo, kwenye mchuzi wa samaki na kwenye chatne, na kinachobaki huingia kwenye chupa ya achari. Matumizi haya ni ya zamani mno katika mwambao huu; msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali ulioandamana na achari, na miongoni mwa achari hizo ilikuwemo ya maembe mabichi.

Kuhusu kunguru sina mengi. Hawa wa Bara Hindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kuondoa taka, na leo ni wao wanaotuchagulia embe zuri kabla yetu; wavu wa kuvulia samaki uliochakaa, ukitandazwa juu ya mti mfupi, huwazuia. Ndugu zetu wa Pemba wana popo wao mkubwa, asiyepatikana kwengine popote duniani, na huyo, kwa kuwa alikaribia kutoweka na sasa anahifadhiwa, khasa pale Kidike, nawaomba wamwachie embe lake.

Limebaki suala la aliyerithi mwembe mkubwa tayari. Kwanza aulize ni wa nani. Kwetu visiwani mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe, na kununua kiwanja si lazima kuwe kumeununua na mwembe uliomo. Kumuuliza muuzaji mbele ya sheha na mashahidi, na kuandikishana, ni rahisi kuliko kukokotana na wajukuu wa mpandaji baada ya msumeno kupita. Likishakuwa wazi, mti haushushwi kwa siku moja. Mwaka wa kwanza, baada ya mavuno, hukatwa theluthi ya matawi makubwa, mwaka wa pili theluthi nyengine, na wa tatu iliyobaki, ili wakati wote pawe na majani ya kuulisha mti. Magome yaliyozoea kivuli yakipigwa na jua ghafla huungua na kupasuka, kwa hiyo hupakwa chokaa nyepesi ya maji. Machipukizi yatakayotoka kwenye visiki wakati wa Masika ni mengi. Huachwa machache yenye nguvu, yakapishana, na kama aina ya zamani haikuwa ya kupendeza, yakifika unene wa penseli hubebeshwa vikonyo vya boribo kutoka kwa jirani aliye nalo, kila chipukizi kikonyo chake, na nailoni ikafungwa mpaka kovu lishike.